Eti udongo bikira: mashamba ya mkonge yaliyoachwa na uhai unaorudi chini yake

Kuna tangazo la shamba linazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Tanga, linabadilishwa eneo na bei tu ila maneno ni yaleyale: udongo bikira, halijalimwa miaka thelathini, maji karibu, gari linafika. Kila nikiliona nacheka halafu nakasirika kidogo. Maana ukiuliza liko wapi unaambiwa Muheza kwa ndani, au njia ya Korogwe, au Pangani huko, na ukifika, ukishapenya kichaka, unakuta mikonge imejiotea yenyewe na ukitulia ukaangalia vizuri unaiona mistari. Mistari imenyooka kabisa, ile waliyopanda manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Sasa bikira gani huyo aliyezaa miaka yote hiyo?

Mi nimekulia maeneo hayohayo na hii dhana ya kwamba pori likishaota basi ardhi imepona nimeisikia tangu mdogo, tena kwa watu wazima wanaojua kulima kweli. Na si uongo mtupu. Udongo ulioachwa unarudisha uhai, hilo halina ubishi. Ila unarudisha nini, kwa kasi gani, na kuna nini ambacho mpaka mjukuu wako anazeeka kitakuwa hakijarudi, hapo ndo watu wengi tunapita haraka kama tunakimbia mvua.

Tuanze na mkonge wenyewe, kwa kifupi, maana stori yake ndefu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani anaitwa Richard Hindorf, miche ilitoka Florida kule Marekani, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 ndo ukaja utajiri wote ule. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, tulikuwa hatuna mpinzani duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, usimamizi ukawa wa kubahatisha, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunazalisha kama tani 20,000 hivi. Sasa fikiria tofauti hiyo ni hekta ngapi zilizoachwa zijiotee.

Cha muhimu kwa hii mada ni kilichotokea kwenye udongo kabla haujaachwa. Jani la mkonge likikatwa linapelekwa korona, yaani kiwanda cha kuchambua mkonge, linasagwa, na kinachotoka kama singa ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani bichi. Asilimia 96 iliyobaki, ule uchafu wa kijani unaonuka, unamwagwa bondeni au mtoni. Haurudi shambani. Na mkonge ni mlaji mkubwa wa kalsiamu, na potasiamu pia, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka unahamisha kalsiamu ya shamba zima unaenda kuilundika nyuma ya korona. Watafiti waliokaa Mlingano, kile kituo cha utafiti pale Muheza, walilinganisha vipimo vya zamani vya udongo wa mashamba ya mkonge na vipimo vya miaka ya 1980 na 1990, wakakuta ule uliolimwa mkonge miongo na miongo bila mbolea umekuwa na tindikali zaidi na virutubisho vimeshuka. Yaani kilichoachwa miaka ile hakikuwa shamba lililochoka kidogo linahitaji kupumzika, ni shamba lililokombwa.

Haya, watu wameondoka. Kinatokea nini?

Mwaka wa kwanza ni magugu, kishona nguo na wenzake, na hapa watu wanadharau lakini kazi kubwa inaanza hapohapo. Mzizi wa gugu hauchukui tu, unatoa. Sehemu ya sukari ambayo majani yametengeneza kwa jua inavuja kupitia mizizi kuingia kwenye udongo, na bakteria wanaishi kwa hiyo. Shamba lililokuwa linapaliliwa mpaka ardhi inabaki tupu kati ya mistari, jua linapiga moja kwa moja, chakula hakuna, ghafla lina mizizi kila mahali na lina kivuli. Bakteria hawahitaji kuitwa, walikuwepo muda wote wamelala tu, na wakipata maji na chakula ndani ya siku kadhaa wanakuwa wengi sana.

Hili la kuamka lina historia ya kwetu kabisa na huwa nashangaa halifundishwi shuleni. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki, alikuwepo mtafiti anaitwa H. F. Birch, na mwaka 1958 alichapisha kazi yake kuhusu udongo unaokauka halafu ukaloweshwa. Alionyesha kwamba udongo mkavu ukipata maji unalipuka kwa uhai, unatoa kabonidayoksaidi kwa wingi na nitrojeni inaachiliwa ambayo mmea unaweza kuitumia, halafu baada ya muda inatulia, ukikauka tena ukaloweshwa tena, inarudia. Wakati wa kiangazi vijidudu vingi vinakufa, miili yao inabaki kama chakula, mvua ikija walionusurika wanafanya karamu. Duniani kote wataalamu wa udongo hilo tukio wanaliita kwa jina la Birch mpaka leo. Na ndo sababu mojawapo bibi zetu walikuwa wanakupigia kelele upande mahindi na mvua za kwanza za masika usisubiri, maana ile nitrojeni ya bure ukichelewa inasombwa na maji kwenda chini ambako mzizi wa mhindi mchanga haufiki. Ile harufu tamu ya mvua ya kwanza pia inatoka humohumo, ni kemikali inayotengenezwa na aina fulani ya bakteria wa udongoni.

Kwa hiyo ukija na kifaa cha kupima udongo unavyopumua, shamba lililoachwa miaka michache tu linaweza kukupa namba nzuri ukafurahi. Tatizo ni kwamba kupumua peke yake hakukuambii kila kitu. Udongo unaweza kupumua sana huku unatafuna kidogo kilichobaki.

Ukitaka kuona kwa macho bila maabara kuna kipimo rahisi mno, nakipenda kuliko vyote. Kuna eneo la mkonge wa zamani karibu na kwetu ambalo halijaguswa tangu mi niko shule ya msingi, na pembeni yake, mpakani kabisa, kuna shamba la mahindi linapigwa trekta kila msimu. Udongo uleule mwekundu. Nilichukua bonge moja kila upande, saizi ya limau, nikaacha yakauke kivulini barazani, halafu nikayatia kwenye glasi mbili za maji. Lile la shamba la mahindi lilianza kutoa mapovu na kuporomoka palepale, kabla sijakaa vizuri maji yashakuwa rangi ya chai ya maziwa na chini kuna tope. Lile la kichakani lilitoa mapovu kidogo likakaa. Nikaenda kula, nikarudi, limelegea pembeni lakini bado bonge, maji unaona ng'ambo. Mama akaniuliza sasa hapo umegundua nini zaidi ya kunichafulia glasi.

Nilichogundua ni gundi. Chembe za udongo zinashikana kwa sababu kuna vitu hai vinazishikanisha, ute wa bakteria, nyuzi za kuvu, vizizi vidogo, kinyesi cha nyungunyungu. Ukilichana lile bonge la kichakani taratibu kwa kucha unaona nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa buibui zimepita katikati, na kuna vitundu vya mviringo ambavyo mnyoo amepita, ukuta wake laini kama umesiribwa. La upande wa mahindi lilipasuka bapa kama tofali. Trekta haliui bakteria sana, wenyewe ni wadogo na wanazaana haraka. Linachokata ni hizo nyuzi. Kila ukilima unazikata, na kila msimu zinaanza upya.

Na hapa ndo penye utamu, kwa sababu kuvu ndo wanaochelewa. Uholanzi, eneo la Veluwe, kuna mashamba yaliyoachwa kwa nyakati tofauti, mengine juzi, mengine miongo kadhaa iliyopita, na watafiti wakayachukua kama picha ya safari moja iliyopigwa sehemu sehemu. Mwaka 2017 walichapisha walichokuta. Walilisha mimea kaboni yenye alama wakaifuatilia inaingia kwa nani chini ya ardhi. Mtu ungetegemea waseme idadi ya viumbe iliongezeka. Kilichobadilika zaidi ni mahusiano: kwenye shamba jipya viumbe wapo lakini kila mmoja na lwake, mtaa wa wapangaji wasiosalimiana, na kadiri miaka inavyokwenda vikundi vinaanza kutegemeana, huyu anakula alichoacha yule, na kuvu wanabeba kaboni nyingi zaidi ya mimea hata bila wao wenyewe kuongezeka uzito. Mi nikisoma hilo nilielewa kwa nini kuhesabu minyoo peke yake kunadanganya.

Kaboni yenyewe, ile weusi wa udongo, mboji, ndo polepole kabisa. Cedar Creek, Minnesota, Marekani, udongo wa kichanga, mashamba yameachwa tangu enzi za mababu zao, watafiti walipiga hesabu mwaka 2000 wakasema kaboni kurudi kwa asilimia 95 ya ilivyokuwa kabla ya kilimo itachukua miaka 230 hivi, nitrojeni miaka 180. Mwaka 2019 wakaja tena na matokeo kwamba hata baada ya miaka 91 aina za mimea zimefika kama robo tatu tu ya pori lisilowahi kulimwa, na uzalishaji wa mimea karibu nusu. Miaka 91!

Najua utasema kule baridi, mchanga, sisi huku joto na mvua mambo yanakwenda haraka. Ni kweli. Kuna utafiti mkubwa wa mwaka 2021 uliokusanya data za misitu inayoota upya kwenye maeneo ya zamani ya kilimo huko Amerika ya Kilatini na Afrika Magharibi, saiti 77, na ukasema udongo ndo unaotangulia kupona, chini ya miaka 10 umekaribia ule wa msitu wa zamani, wakati uzito wa miti na mchanganyiko wa aina zake unachukua zaidi ya karne. Madalali wangeujua huo utafiti wangeubandika kwenye tangazo. Lakini soma masharti: maeneo yale yalikuwa yametumiwa kidogo au kwa wastani, na msitu uko jirani. Siyo miongo kadhaa ya mkonge juu ya mkonge.

Mfano unaonisumbua mimi kuliko yote uko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza. Mwaka 1882 waliacha kipande cha shamba la ngano la Broadbalk bila kuvuna, wakaweka uzio, wakaondoka. Miaka minne tu baadaye ngano ilikuwa imebaki michache, imedumaa, magugu yameshinda, na leo ni msitu. Mwaka 1886 wakafanya hivyohivyo kwenye kipande kingine, Geescroft. Vyote viwili viliachwa, vyote vikawa msitu, vyote vimeongeza kaboni. Ila Broadbalk zamani ilikuwa imemwagiwa chokaa nyingi sana (chokaa ina kalsiamu na inazima tindikali) na wakulima wa enzi hizo, na Geescroft haikupata kama ile. Basi Broadbalk mpaka leo haina shida ya tindikali, wakati Geescroft imeshuka kutoka pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali imepanda) 7 hivi mwaka 1883 mpaka chini ya 4.5. Msitu ule wa Geescroft umeota juu ya udongo unaozidi kuwa mchachu. Kuacha peke yake hakukuleta kalsiamu, na nyungunyungu wengi hawavumilii tindikali ya hivyo. Sasa nirudishe Tanga: sisi tuna mashamba ambayo kalsiamu yake ilienda korona. Pori linaweza kuvuta kidogo kutoka chini kabisa kwa mizizi mirefu, likaangusha majani juu, ndiyo, ila haliwezi kuvuta kilichoshabebwa na mto Pangani.

Mchwa nao nisiwasahau maana huku kwetu kazi nyingi ambayo Ulaya inafanywa na mnyoo inafanywa na wao, hasa kiangazi. Watu wanaona kichuguu wanasema mchwa wamerudi. Kuna mchwa na mchwa. Wale wanaokula nyasi na miti mikavu hata hawakuondoka, tena wengine walikula mpaka nguzo za nyumba za manamba. Wale wanaokula udongo wenyewe, wanaotafuna mboji na kuigeuza, hao ndo wepesi kutoweka msitu ukisafishwa na wazito kurudi.

Kwa Kiswahili tuna kulaza shamba, na wazee wa Kibondei na Kisambaa walikuwa wanalaza kweli. Kipande kidogo, visiki vinaachwa ardhini vikiwa hai, miti mikubwa michache haiguswi, msitu uko umbali wa kutupa jiwe. Ukiondoka, mbegu, kuvu, ndege, wadudu, wote wanavuka mpaka wiki hiyohiyo. Kule Shinyanga wana ngitili, sehemu ya malisho inafungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikishika, na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 kuifufua, kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zimebaki ikafika zaidi ya hekta 300,000 ndani ya miaka chini ya ishirini. Huwezi kusema ile ardhi ilikuwa haina mtu. Ilikuwa na mwenyewe, na sungusungu wanaopita kuangalia nani ameingiza ng'ombe kabla ya wakati, na mizizi ya miti iliyokatwa zamani ilikuwa bado hai chini.

Shamba la mkonge lilikuwa kinyume chake. Mamia ya hekta zimeng'olewa visiki vyote, katikati yake msitu uko mbali sana, halafu lilipoachwa halikuwa na mtu wa kulilinda kwa hiyo lina moto karibu kila kiangazi, mbuzi, na mkaa. Mkaa hasa. Mti unaoanza kuotea huko ni mkulagembe, mti mzuri sana kwa udongo, mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani, miiba yake inazuia mifugo. Sasa mkulagembe unatoa mkaa mzuri. Ukishafika unene wa mkono tu, umekatwa. Kwa hiyo lile pori la miaka thelathini kwenye tangazo, ukimuuliza jirani kwa upole, unakuta lina miaka sita, limekatwa na kuungua mara kibao, limeanza tena na tena.

Halafu anakuja mnunuzi wetu, anafyeka, anachoma. Majivu yanashusha tindikali kwa haraka, kalsiamu na potasiamu zilizokuwa kwenye miti zinashuka chini kwa mkupuo, na mahindi ya msimu wa kwanza yanakuwa ya kupiga picha. Hapo ndo jina la udongo bikira linapozaliwa. Nitrojeni ya ile miti imeenda na moshi. Trekta limekata nyuzi zote na kuipa hewa mboji iliyokuwa imefichwa ndani ya yale mabonge, bakteria wanaitafuna kwa fujo, msimu wa pili unakuwa wa kawaida, wa tatu unaanza kuona kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinachungulia kwenye mashina. Kilichojengwa kwa miongo kimeliwa kwa misimu mitatu, na jamaa anarudi mjini anasema kilimo hakilipi.

Kama unanunua, mi siko hapa kukukataza, hata ndugu zangu wamenunua na wengine wanaendelea vizuri. Walio sawa ni wale waliofyeka na kulaza majani palepale bila kiberiti, wakapiga mashimo ya jembe badala ya kulima lote, wakaanza na mbaazi na kunde kabla ya mahindi, na wakaacha mikanda ya pori kati ya vipande. Chokaa waliweka baada ya kupima, na kupima si lazima uende mbali, TARI Mlingano, kilekile kituo cha utafiti cha Muheza, wana maabara ya udongo. Majirani waliwacheka msimu wa kwanza kwa sababu mahindi ya mwenye moto yalikuwa marefu.

Kabla hujatoa hela, nenda wakati ardhi imelowa, beba jembe lako mwenyewe. Chimba chini ya kichaka na chimba kwenye uwazi, usichimbe pale dalali anapokuonyesha. Uliza moto ulipita lini mara ya mwisho, na muulize mama anayeuza maandazi barabarani, siyo mwenye shamba. Na uliza korona ilikuwa wapi, na ule uchafu wake ulikuwa unamwagwa upande gani, kwa sababu kama kuna kipande kimoja kwenye eneo lote hilo kinachostahili bei anayoitaja, inawezekana ni hicho, na mara nyingi mwenyewe anakiuza rahisi kwa sababu kiko bondeni na hakina barabara.